Riposti inapofunga milango, ujuzi wake unabaki na nani?

Tarehe 1 Desemba 2025, serikali ya Kinshasa ilitangaza kwamba mlipuko wa Ebola wa Bulape, katika jimbo la Kasai, umemalizika. Ulikuwa wa 16 katika nchi yetu tangu ugonjwa huu ujulikane Yambuku mwaka 1976. Watu 64 waliugua, 45 wakafa. Ulidumu miezi mitatu. Wengi walilinganisha na ule wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, wenye wagonjwa 3470 na vifo 2287, wakasema: safari hii Kongo imejua kazi.

Imejua, ndiyo. Swali ni Kongo ipi. Ile ya maabara ya INRB kule Kinshasa inajua kazi hiyo kuliko karibu nchi yoyote duniani. Lakini kituo cha afya cha kijijini, ambako mgonjwa wa kwanza hufika akiwa na homa kama homa nyingine zote, kinajua nini?

Bulape yenyewe ni mfano. Kasai haikuwa mgeni wa Ebola. Mwaka 2007 ugonjwa ulipita katika maeneo ya Mweka na Luebo, ukaambukiza watu 264 na kuua 187. Mwisho wa mwaka 2008 ukarudi upande uleule. Timu zilikuja, zikafanya kazi, zikaondoka. Miaka 17 baadaye, Agosti 2025, mama mmoja mjamzito alifikishwa hospitali ya Bulape. Siku serikali ilipotangaza mlipuko, tarehe 4 Septemba, vifo vilivyohesabiwa vilikuwa 15, na wanne kati yao walikuwa watumishi wa afya.

Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Muuguzi aliyekuwa kazini mwaka 2007 pengine amestaafu, amehamishwa au amekufa. Mwenzake aliyechukua nafasi yake alikuwa bado shuleni. Kati ya hao wawili kulipaswa kuwa na kitu: daftari, maelekezo ukutani, mazoezi ya kila mwaka, mtu aliyepewa kazi ya kukumbuka. Ripoti za mwaka 2007 zipo, na wataalamu wanazisoma. Lakini kuwepo kwa ripoti katika maktaba ya Geneva au katika kompyuta moja Kinshasa hakumsaidii muuguzi anayeamua, saa nne usiku, kama avae glavu mbili au moja.

Ebola inachukuliwa kama jambo la udaktari. Kwa sehemu kubwa, ni jambo la kuongoza kazi ya watu wengi ambao hawafahamiani. Yule aliyeishi Beni au Butembo miaka ile anakumbuka jinsi riposti ilivyokuwa: Wizara ya Afya, INRB, OMS, UNICEF, Msalaba Mwekundu, Madaktari Wasio na Mipaka, ALIMA na mashirika mengine mengi. Kazi iligawanywa katika tume: uchunguzi wa wagonjwa na waliokutana nao, maabara, chanjo, matibabu, usafi wa hospitali, mazishi salama, mawasiliano na raia, ukaguzi njiani na mipakani, msaada wa kisaikolojia. Kila asubuhi kulikuwa na mkutano. Kila tume ilikuwa na karatasi zake, magari yake, na wafadhili wake waliodai ripoti kwa namna yao.

Sasa fikiria kifo kimoja tu, nyumbani, katika mtaa mmoja wa Katwa. Timu ya uchunguzi inapaswa kujua ni nani aliyemuuguza marehemu. Timu ya mazishi inapaswa kufika kabla ya mwili kuoshwa. Maabara inapaswa kupata sampuli na kutoa jibu. Timu ya chanjo inangoja orodha ya waliomgusa, na orodha ya waliowagusa hao, kwa sababu chanjo ya Ervebo ilitolewa kwa kuzunguka kila mgonjwa kama duara. Kila mmoja wa hao anafuatwa siku 21. Orodha ikilala siku mbili mezani pa ofisi moja, duara limepasuka, na aliye nje ya duara amekwisha panda pikipiki kuelekea Beni au Goma. Hapo hakuna dawa iliyokosekana. Kilichokosekana ni karatasi kufika kwa mtu mwingine kwa wakati.

Na karatasi yenyewe iandikwe na mtu anayejua nchi. Katika eneo la Wanande, watoto wengi hupewa majina kufuatana na mpangilio wa kuzaliwa: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule kwa wavulana; Masika, Kahindo kwa wasichana. Orodha inayosema "Kambale, mwanaume, Butembo" haimtambulishi mtu yeyote. Ni lazima kuwe na jina la baba, umri, avenyu, jina la nyumbakumi, hata rangi ya mlango. Jambo hili kila mwenyeji analijua tangu utoto wake. Mtaalamu aliyeshuka ndege jana halijui, na hawezi kulijua mpaka mtu amwambie na jambo hilo liandikwe katika fomu. La sivyo, atakayemrithi baada ya wiki sita ataanza upya, na atakayefuata naye ataanza upya. Katika riposti wageni wengi walikaa muda mfupi, kisha wakapokelewa na wengine.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna kilichofanyika vizuri. Yapo mambo ambayo riposti ya Kivu ilifanya na ambayo yangefaa kufundishwa katika vyuo vyetu vya uongozi, kabla ya vitabu vya nje. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, na pamoja na kuhubiri usafi waliandika raia walisema nini: maswali, uvumi, matusi, mashauri. Maneno hayo yakapangwa kwa mafungu na kupelekwa mezani. Watu walisema kwamba mifuko ya maiti imejaa mawe, kwamba viungo vya marehemu vimeuzwa. Riposti ingeweza kuwaita wajinga na kuendelea. Badala yake, ikaletwa mifuko yenye sehemu ya kuona ndani, ili familia ione uso wa mtu wao kabla ya kaburi. Uvumi uliandikwa, ukasomwa na mwenye uwezo wa kuamua, ukabadilisha kifaa. Kadhalika vile vyumba vya plastiki angavu vya ALIMA, vilivyoitwa CUBE: mama alimwona mwanawe akitibiwa, akaacha kuamini kwamba ndani ya hema wanauawa.

UNICEF nayo ilikuwa na kikundi cha watafiti wa jamii, ambacho kilifanya jambo dogo lenye maana kubwa. Baada ya kila uchunguzi walikaa na tume inayohusika, wakakubaliana mashauri, kisha wakaweka kila shauri katika jedwali ili kufuata kama limetekelezwa. Ukiona jambo hilo ni la kawaida, kumbuka semina zote ulizohudhuria katika mji wako, zile zilizomalizika kwa mapendekezo kumi na mawili, soda na picha ya pamoja. Ni nani aliyerudi baada ya miezi mitatu kuuliza pendekezo la nne limefika wapi?

Lakini kulikuwa na mambo ambayo mji mzima uliyajua na ambayo hayakufika mezani, au yalifika na yakapuuzwa. Wakaaji wa Beni walikuwa wakichinjwa na waasi wa ADF miaka mingi kabla ya Ebola. Walipoona magari mengi mapya yakija kwa ajili ya ugonjwa mmoja, waliuliza kwa nini hakuna aliyekuja hivyo kwa ajili ya mapanga. Tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ilipotangaza kuahirisha kura Beni na Butembo hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu, muuza mkaa yeyote wa soko la Beni angeweza kukuambia kitakachotokea. Siku iliyofuata waandamanaji walivamia kituo cha kupokea wagonjwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na OMS, aliuawa ndani ya hospitali ya Butembo.

Na kuna lile ambalo wengi hawapendi kulitaja. Tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti yake Septemba 2021: watu zaidi ya 80 waliotumika katika riposti walitajwa katika madai ya unyanyasaji wa kingono. Wanawake waliofanyiwa hayo walikuwa na majirani, dada, wafanyakazi wenzao. Mashirika yaliyoweza kufuata sampuli ya damu kutoka kijijini hadi maabara yalishindwa kufuata lalamiko la mwanamke.

Wapo watakaosema: tatizo la Kivu lilikuwa risasi na pesa, acheni habari za madaftari. Kuhusu risasi, wana haki. Hakuna jedwali linaloweza kumzuia mtu mwenye bunduki. Kuhusu pesa, mambo yanakutana kuliko wanavyofikiri. Kazi ililipwa kwa siku, na mkataba ulikuwa wa mwezi au miezi michache. Katika hali hiyo, aliyeshika orodha ameshika mkataba. Ukimpa mwenzako namba za machifu wa mitaa, majina ya RECO wanaoaminika, njia ya kuzungumza na familia ngumu, umempa sababu ya kukuacha nje mwezi ujao. Raia waliita haya yote "Ebola business" na walimaanisha magari ya kukodi na hoteli. Lakini ujuzi nao uliuzwa katika soko hilo, na asiyetaka kuuza bure si mtu mbaya. Ana watoto wa kulipia shule. Kama mradi unataka watu wagawane wanachojua, ulipe kugawana.

Tufike sasa mahali ambapo ujuzi unapotea kweli, kwa mikono yetu wenyewe. Katika ofisi za Kongo kuna sherehe inayoitwa remise et reprise. Anayeondoka na anayeingia wanakaa meza moja, mbele ya mkaguzi. Wanahesabu viti. Wanahesabu mihuri, funguo, pikipiki mbili nzima na moja isiyo na injini, friji, kompyuta tano. Wote wawili wanaweka sahihi, picha inapigwa, mambo yamekwisha. Hakuna anayeuliza: ni familia zipi zilikataa chanjo na nini kiliwafanya wakubali baadaye? Ni mchungaji gani, imamu gani, ni mama gani wa sokoni ambaye neno lake linasikilizwa? Tulijaribu nini na kikashindwa? Kiti kina namba yake ya rangi nyekundu mgongoni. Ujuzi hauna namba, basi unatoka mlangoni pamoja na mwenye nao, na hakuna mkaguzi anayeona kwamba kitu kimeibwa.

Kompyuta zenyewe, tuseme ukweli, mara nyingi hukabidhiwa zikiwa tupu. Data inabaki na shirika lililoikusanya. Ofisi kuu ya eneo la afya, ambayo itakuwa ya kwanza kuitwa siku ugonjwa utakaporudi, inabaki na mabango ya plastiki.

Kwamba ugonjwa hurudi, na kwamba orodha ya zamani ni silaha, Butembo iliona mapema. Tarehe 7 Februari 2021, miezi saba tu baada ya mlipuko mkubwa kumalizika, serikali ilitangaza mwingine. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba virusi hivyo vilitokana na ule wa 2018 hadi 2020, havikutoka msituni. Virusi vya Ebola vinaweza kujificha muda mrefu katika mwili wa mtu aliyepona, hasa katika shahawa. Ndiyo sababu kulikuwa na mpango wa kuwafuata waliopona, kuwapima, kuwashauri. Daftari la waliopona si kumbukumbu ya mambo yaliyokwisha: linaeleza hatari iliyo hai mitaani. Mlipuko huo wa 2021 ulizimwa kwa miezi mitatu hivi, ukiwa na wagonjwa 12 na vifo 6. Wafanyakazi wa Butembo walikuwa bado wanakumbuka, baridi ya chanjo ilikuwa inajulikana, maabara ilikuwa karibu. Ule wa Beni, Oktoba hadi Desemba mwaka huohuo, ulikuwa na wagonjwa 11. Agosti 2022, tena Beni, mgonjwa mmoja tu. Namba hizo ni jibu kwa wanaodhani kwamba kutunza ujuzi ni anasa ya ofisi. Watu walewale, katika mji uleule, wakiwa na kumbukumbu ya karibu, walifanya kwa miezi mitatu kazi iliyowachukua miaka miwili.

Kumbukumbu hiyo ina muda wake. Ya Beni ya 2021 ilikuwa na umri usiofika miaka miwili. Ya Kasai ilikuwa na miaka 17.

Lipo suala la siri, na ni zito. Daftari la waliopona likizagaa, mtu atafukuzwa nyumbani, biashara yake itakufa, watoto wake watachekwa shuleni. Wanaohofia jambo hilo hawakosei. Ila kuna tofauti kati ya majina na ujuzi. Majina yafungiwe kabatini, ufunguo uwe kwa daktari mkuu wa eneo la afya, na kila anayefungua aandikwe. Ujuzi wa jinsi ya kumfuata aliyepona bila kumwaibisha, hauna jina la mtu ndani yake. Huo usambazwe kila kituo. Leo hii siri inatumiwa mara nyingi kama kisingizio cha kutompa mwenyeji chochote, wakati data yenyewe imekwisha vuka bahari.

Mfano bora wa ujuzi uliotunzwa upo kwetu. Mwaka 1995 Ebola ilipopiga Kikwit, profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, saba wakapona. Wataalamu wengi wa nje hawakusadiki. Muyembe hakuliacha wazo hilo. Miaka 11 baada ya mlipuko, chembe za damu za mtu mmoja aliyepona Kikwit zilichukuliwa, na kutoka humo ikatengenezwa kinga inayoitwa mAb114. Ilijaribiwa katika Kivu pamoja na dawa nyingine tatu, katika utafiti ulioandikisha wagonjwa 681, na Agosti 2019 ikatangazwa kuwa mojawapo ya mbili zilizookoa watu zaidi. Kutoka Kikwit hadi Beni ni miaka 23, na uzi haukukatika.

Haukukatika kwa sababu mtu mmoja aliushika. Muyembe alikuwa Yambuku mwaka 1976, alikuwa Kikwit, na Julai 2019 ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa riposti nzima. Ni heshima kubwa kwa nchi. Ni wasiwasi pia: alizaliwa mwaka 1942, na Kongo ina maeneo ya afya 519 ambayo hayawezi yote kumpigia simu yeye.

Kinachotakiwa hakihitaji programu ya bei kali. Mikataba ya riposti inaweza kusema kwamba malipo ya mwezi wa mwisho yanatolewa baada ya daktari mkuu wa eneo la afya kuweka sahihi kwamba amepokea data, orodha na maelezo ya kilichoshindikana, yakiwa katika kompyuta inayofunguka. Wiki mbili za mwisho zilipwe kwa ajili ya kuandika, na wanaoandika wawe RECO, wachimba makaburi, madereva na wauguzi, kwa sababu mara nyingi wanajua zaidi ya mratibu. Waandike kwa lugha wanayoizungumza. Karatasi ya Kifaransa cha ofisini katika kituo ambako kazi inafanywa kwa Kiswahili, Kinande au Tshiluba ni karatasi ya ukutani. Na kuwe na nakala mbili, katika miji miwili. Maabara ya INRB ya Goma ilifunguliwa Februari 2020 ili mashariki isingoje majibu ya Kinshasa. Tangu Januari 2025 mji huo uko mikononi mwa M23. Kila kilichokuwa mahali pamoja tu, sasa kinategemea barabara ambayo haipitiki kila siku.

Kuhusu Bulape, muda bado upo. Wauguzi walionusurika wako kazini. Waliochanjwa wanakumbuka ni nani aliyewashawishi, na wapi waligoma. Timu za Kinshasa zimekwisha rudi nyumbani, mahema yamekunjwa, na viti bila shaka vimehesabiwa. Wizara ya Afya ingefanya vema kutuma mtu mmoja, mwenye daftari na rekoda, akae pale mwezi mzima kabla muuguzi wa kwanza hajapata barua ya kuhamishwa.